Ngozi Ndani ya Silinda

Kabla hamjafungua kitu chochote chenye mafuta ndani, vijana wangu, kinuseni kwanza. Msicheke. Mama zenu wananusa maziwa kabla ya kuyatia katika chai, na hakuna anayewacheka. Mafuta mazuri ya idroliki, yale ya kusukuma vyuma, hayana harufu kubwa. Yakiungua, yananuka kama karanga zilizosahauliwa kwenye moto. Yakiingiliwa na maji, pua hamna haja nayo, maana yanageuka meupe kama uji. Na kama yananuka utamu-utamu, jueni kuna mtu aliyewatangulia na chupa ya mafuta ya freni, na kazi yenu imeshakuwa mara mbili.

Harufu hiyo naijua vizuri kwa sababu mara ya kwanza kuikuta, mwenye chupa nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja katika garaji ya serikali ya kutengenezea barabara, hapa Butembo. Ililetwa kamyo, lori la kubeba mafuta ya mawese, direksyo yake, yaani usukani, nzito. Nikaona mafuta ya direksyo yamepungua. Dumu la mafuta mekundu, yale ya haki ya direksyo, lilikuwa mwisho wa garaji, chupa ya mafuta ya freni ilikuwa karibu na mguu wangu. Nikajaza kilichokuwa karibu. Siku ya nne, kamyo ikipanda kutoka Beni, usukani ukawa kama jiwe katikati ya kona. Dereva na mwenzake waliushika kwa mikono minne, wakaishia katika shamba la mihogo. Hakufa mtu. Lakini mapipa matano ya mawese yalibingirika mpaka bondeni, na watu wa pale walisema mbuzi zao waling'aa manyoya mwezi mzima.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Tshimanga, mtu wa Kasai, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Serikali ilikuwa imemtuma huku kwetu zamani, mimi nikiwa bado shuleni, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Kila asubuhi alifika kazini na kartabo, mkoba wake wa ngozi nyeusi, kama mwalimu, ingawa saa moja baadaye alikuwa chini ya grederi amelowa mafuta mpaka masikioni. Siku ile nilingoja anipige. Hakunipiga. Alichukua vipande viwili vya mpira, akatia kimoja katika chupa ya mafuta mekundu, kingine katika chupa ya mafuta ya freni, akaziweka dirishani.

"Kila asubuhi utaangalia, mbele ya kushika ata klé moja," aliniambia, akionyesha spana zilizotundikwa ukutani.

Niliangalia wiki nzima. Mpira wa kwanza ulibaki mpira. Wa pili ulivimba, ukalegea, mwishowe nikauponda kwa vidole kama mkate uliolowa.

"Kambale, mupira iko na tumbo kama mutu," alisema Mzee. "Ukiipa chakula yenye haipende, itavimba, kisha itakufa. Na haitakufa mu garaji. Itakufa mu kona."

Basi, hilo ni somo moja. Ninyi mnalipata bure.

Vita vilipokuja, watu wenye silaha walichukua grederi, wakachukua kamyo za benne, zile za kumwaga mchanga, wakachukua hata mlango wa chuma wa garaji ya serikali. Mzee Tshimanga alibaki na kartabo yake. Nchi ilikuwa imekatwa vipande: Kasai ilibaki upande mmoja, sisi upande mwingine, na barua haikuvuka. Mke wake na mabinti wake walikuwa kule. Mimi wakati huo nilikuwa nimefungua garaji yangu ndogo kando ya barabara, mabati manne na shimo moja. Asubuhi moja alifika pale, akaning'iniza koti lake kwenye msumari, akauliza, "Tunaanza na nini?" Hakuniomba kazi na mimi sikumwajiri. Tulianza na kriki ya kuinulia magari, ya tani kumi, iliyokuwa inavuja, na tuliendelea hivyo miaka ya vita yote. Hakuna aliyeuliza tena nani ni mkubwa wa nani, lakini mimi nilijua.

Sasa niwaeleze juu ya boti.

Mwanamke mmoja alishuka kutoka kamyo ya samaki, ameshika kitunga kilichofunikwa kwa kitambaa cha kikwembe. Alinuka samaki na dawa ya hospitali. Aliweka kitunga juu ya meza yetu, chuma kikalia.

"Munatengenezaka bintu bya idroliki?"

"Ndiyo, mama. Kriki, benne, direksyo ya kamyo."

"Na ya boti?"

Nikacheka. "Boti? Mama, hapa Butembo tuko mu milima."

"Ata ziwa iko katikati ya milima," alijibu. "Fungua."

Jina lake Masika. Alikuwa muuguzi mkubwa wa kituo cha afya huko chini, Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard. Kituo kilikuwa na boti moja ndogo, waliyopewa kabla ya vita, yenye motere ya nyuma na usukani wa mbele kama wa gari. Kati ya usukani na motere hakukuwa na kamba wala mnyororo. Kulikuwa na mafuta. Ukizungusha usukani, pampu ndogo inasukuma mafuta ndani ya mpira mrefu mpaka nyuma, yanaingia katika silinda, silinda inasukuma motere kushoto au kulia. Ndani ya kitunga mlikuwa na vitu viwili hivyo, pampu na silinda, vyote vimekufa.

"Ziwa, ngambo ya magaribi, kuko bijiji chini ya mulima," alieleza Masika. "Barabara hapana. Ni maji tu. Mama akishindwa kuzaa kule, ni boti, ao ni pirogi, mutumbwi ya kupiga pagai."

Katembo, mtu wake wa kuendesha boti, alikuwa amejaribu kufunga mti kwenye motere ili aigeuze kwa mkono. Motere ilikuwa kubwa mno kwa mchezo huo. Wimbi moja liligeuza motere, mti ukamtupa majini, akavunjika mfupa wa bega. Tangu siku hiyo boti ilikuwa imelala mchangani, kuku wanataga ndani.

"Mwezi yenye imepita walileta mama moja na pirogi," alisema. "Walitoka asubuhi mapema. Walifika jioni. Nilimupokea mimi mwenyewe, lakini nilipokea maiti." Hakulia. Alisukuma kitunga kuelekea kwangu. "Fungua, Papa."

Nilifungua bomba la silinda, nikanusa. Utamu.

"Nani alitia mafuta ya freni humu?"

"Katembo. Alisema mafuta ni mafuta."

Mzee Tshimanga alinitazama juu ya miwani.

Mpira wote wa ndani ulikuwa umekuwa uji. Mafuta yalipotoka, maji yaliingia, na ule mti wa chuma unaopita katikati ya silinda, sisi tunauita tiji, ulikuwa na vidonda vya kutu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Jambo hili mlishike: mpira mpya juu ya tiji yenye vidonda ni kazi ya siku mbili tu. Kila kidonda ni kisu. Mzee aligeuza vitu vyote juani, taratibu, kama mtu anayechagua maharage.

"Pampu iko muzima, inataka kuoshwa. Silinda, ndani yake iko muzuri. Inakosa tiji na mipira." Akamgeukia Masika. "Mama, hii haijakufa. Iko na njaa."

Masika alirudi ziwani na kamyo ileile. Hakutuuliza tutamaliza lini, na kwa sababu hakuuliza, sikulala vizuri.

Tiji nzuri inatoka wapi wakati wa vita? Chuma kigumu, laini, cha kung'aa, kisicholiwa na kutu? Mzee alijibu bila kufikiri: ndani ya amortisere, kile chuma cha karibu na gurudumu kinachozuia gari lisirukeruke. Kila amortisere ya gari, hata iliyokufa, ina tiji nzuri tumboni. Butembo hatukupata yenye unene tuliotaka. Nikabeba silinda chini ya kwapa, nikapanda kamyo ya kwenda Beni.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani kabla ya kuingia mjini, askari aliona kile chuma kirefu chenye matundu mawili, akaruka nyuma.

"Nini oyo? Roketi?"

"Hapana, chef. Ni ya boti."

"Boti wapi? Hapa kuko maji?"

Mnaona, swali langu mwenyewe lilinirudia. Walinishusha, wakanipeleka kambini kwa kapiteni. Alikuwa mtu wa jimbo la Equateur, mnene, mwenye macho ya kuchoka, ameketi chini ya turubai na mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi. Swahili yake ilikuwa ndogo, Lingala yangu ndogo zaidi.

"Limbola," alisema. Eleza.

Niliogopa, sitawadanganya. Siku zile mtu alipotea kwa kitu kidogo kuliko silinda. Kisha nikaona lile beseni, nikasema, "Mon capitaine, niruhusu maji yako." Nilijaza silinda kwa tundu moja, nikaliziba hilohilo kwa kidole, nikasukuma tiji. Kidole changu hakikuwa na nguvu ya kutosha. Maji ya mguu wa kapiteni yaliruka kama mshale, yakampiga kifuani, yakalowesha vifungo vyote vya shati mpaka kola.

Askari mmoja alitazama bunduki yake, kisha akatazama kapiteni. Na kapiteni akaanza kucheka, tumbo kwanza, kisha mabega.

"Donc, kidogo inasukuma nguvu," alisema.

"Ndiyo, mon capitaine. Na ni ya kusukuma motere ya boti ya kubeba bamama ya kuzaa."

Alijipangusa. Mke wake mwenyewe, aliniambia, alikuwa kule Mbandaka, alimwacha na mimba, na hajui kama alizaa mvulana au msichana. Halafu, kwa kuwa alikuwa askari na vita ni vita, alinionyesha jeep yake iliyokuwa inamwaga mafuta ya direksyo, akasema nitaondoka ikipona. Ilinichukua siku mbili. Mpira wa jeep ulikuwa umepasuka mahali palipokunjwa. Nilikata palipooza, nikaunga kwa bomba la shaba na vifungo viwili. Aliponiuliza ninataka nini, nilionyesha kamyo iliyokufa nyuma ya kambi.

"Amortisere zake, mon capitaine."

"Ile takataka?"

"Ile takataka."

Alinipa zote nne, na karatasi yenye mhuri ya kupita bariere. Nilipofika nyumbani na kuzikata kwa msumeno, tatu zilikuwa na mikwaruzo. Ya nne ilitoka iking'aa kama kijiko cha harusi. Mzee aliipima kwa kile kipimo cha chuma chenye meno mawili, akapima tena, akatabasamu. Tulihitaji kuipunguza kidogo tu kwenye ncha, na shule moja ya ufundi ilitukubalia tuni yao, mashine ya kuchonga chuma.

Ilibaki mipira. Ya kuziba miisho ya silinda tuliipata katika mipira ya direksyo ya kamyo, tukaikata. Lakini ile ya pistoni, katikati, hakuna iliyotufaa. Nilizunguka maduka yote ya vipuri. Wauzaji walinionyesha mipira ya pampu za maji, ya tromba za kujazia baiskeli upepo, hata ya chupa za watoto. Nilirudi nimekata tamaa.

Mzee alikuwa ameketi juu ya tairi. "Mbele ya mupira," alisema, "batu walitumia nini?"

"Sijui, Mzee."

"Ngozi. Kule kwetu mu mine, mu mugodi, mimi kijana, pampu zote zilikuwa na kikombe ya ngozi. Ngozi ikikunywa mafuta, inafungua mudomo. Mafuta ikisukuma, mudomo inashika ukuta. Unasukuma zaidi, inashika zaidi."

Nilinunua ngozi kwa fundi wa viatu. Tuliilowesha, tukaikandamiza ndani ya kalibu, ikakauka, ikakunjamana kama sikio la mbuzi. Ilikuwa laini mno. Tukajaribu ya mshipi; ilipasuka. Mzee alisimama, akaenda kwenye msumari wake, akateremsha kartabo. Alitoa karatasi moja moja: barua ya kumtuma Butembo, barua ya kumpandisha cheo, picha ya mke wake na mabinti watatu wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Alizifunga zote ndani ya kipande cha sashe, mfuko wa plastiki. Kisha akanipa kartabo na wembe.

"Kata mu mugongo. Pale iko na nguvu."

"Mzee, hapana."

"Kambale, ni mufuko. Mufuko tu. Kata."

Nilikata. Ile ilikuwa ngozi ya zamani, ya ng'ombe mzee, iliyokula jua na mvua miaka mingi na kukataa kufa. Nawapa njia nzima, labda siku moja mtaihitaji: maji ya uvuguvugu, si ya moto, ya moto yanaipika. Saa nne ndani ya maji. Kisha kalibu, kaza kidogo, ngoja, kaza tena. Siku mbili kivulini, kamwe si juani. Halafu nta ya nyuki iliyoyeyushwa polepole, mpaka ngozi iache kutoa mapovu. Mwisho, wembe mpya kwenye ukingo. Tulipata vikombe viwili vidogo vyeusi, vizuri hata mtu angeweza kunywea kahawa.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nimewaitia leo.

Ilikuwa Jumapili. Mimi nilienda misa ya kwanza. Mzee alikuwa Mprotestanti, na ibada yao ilikuwa ndefu kama barabara ya Manguredjipa. Nikawaza: nitafunga silinda peke yangu, akirudi akute imemalizika. Nilitaka anisifu, basi. Nilikuwa baba wa watoto watano na bado nilitaka Mzee anisifu. Vikombe viwili vinakaa mgongo kwa mgongo kwenye pistoni, kila mdomo unatazama mafuta yake. Nilivipaka mafuta, nikavifunga, nikasukuma, ikateleza vizuri. Mzee alirudi na Biblia yake, akauliza, "Uliangalia midomo?"

"Niliangalia."

Akaniamini.

Tuliteremka ziwani wote wawili, juu ya kamyo tupu ya samaki. Kutoka baridi yetu ya Butembo mpaka lile joto, unavua koti, kisha sweta, kisha aibu. Masika alitungoja mchangani, na Katembo kando yake, mkono bado umefungwa kitambaa. Tulifukuza kuku, tukafunga pampu mbele, silinda nyuma, tukavuta mipira mirefu, tukajaza mafuta mekundu.

Kujaza si kumaliza. Hewa iliyobaki ndani ni mwizi: wewe unasukuma, yeye anajikunja, motere haigeuki. Lazima mmoja azungushe usukani polepole, mwingine alegeze vifungo vya silinda, mpaka mapovu yaishe kabisa. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu wa pwani. Mapovu yalipopungua, nikasema yameisha. Katembo akawasha motere kwa mkono mmoja, tukaingia majini, nikazungusha usukani. Ulikuwa kama kukanda ugali. Boti ikazunguka, ikazunguka tena, ikaelekea mahali viboko walipokuwa wamelala na masikio tu juu ya maji.

"Zima! Zima, Papa!" Katembo alipiga kelele.

Tulizima. Upepo ukaturudisha. Ukingoni Mzee Tshimanga alikuwa amesimama, maji mpaka magotini, suruali haikukunjwa.

"Hewa," alisema tu.

Tulianza upya. Na tukiwa katikati, mapovu bado yanatoka mekundu kama povu la bia ya ndizi, ikafika pirogi. Wanaume wawili, mikono imechubuka kwa kupiga kasia. Walizungumza Kinande na Masika, haraka, na niliona uso wake unabadilika. Mwanamke mmoja, Kavugho, ng'ambo, uchungu siku ya pili, mtoto hataki kushuka.

"Tunaenda," alisema Masika.

"Bado," alisema Mzee.

"Papa, mutu anakufa!"

"Mama, hewa iko ndani. Mukienda sasa, mutazunguka mu maji na yeye atangoja bure. Unipe dakika makumi mbili."

"Na upepo? Saa nane upepo ya mulima inashuka na nguvu!"

"Makumi mbili, Mama. Sitaongeza."

Alimtazama kwa hasira ambayo sijaisahau. Kisha akaondoka kwenda kuchukua mfuko wake wa dawa. Mzee alishika usukani, mimi vifungo. Zungusha, funga, legeza. Sikuwahi kufanya kazi polepole hivyo nikiwa na haraka hivyo. Mikono yangu ilitaka kukimbia, na sauti yake ilikuwa inairudisha: "Polepole. Polepole. Tena." Mapovu yakawa makubwa, yakawa madogo, likabaki moja, halafu mafuta yakatoka mekundu, mazito, bila povu. Alizungusha usukani nusu, motere ikageuka palepale kama kichwa cha mtu aliyeitwa jina lake.

"Bon," alisema. "Muende."

Nilienda nao na chupa mbili za mafuta mfukoni. Masika mbele, Katembo kwenye usukani na mkono wake mzima, mimi nyuma nimelala kifudifudi karibu na silinda. Mwanzoni ngozi ilitoa jasho, matone mekundu kwenye tiji. Niliongeza mafuta kule mbele, nikarudi. Baada ya muda jasho likakauka. Ngozi ilikuwa imeshiba.

Katembo aligeuka mara moja. "Papa, kushoto iko muzuri. Kuume inateleza kidogo, ninaongeza kuzungusha."

"Ni ngozi mupya," nilimjibu. "Itazoea."

Ng'ambo tulimkuta Kavugho amelazwa juu ya mkeka chini ya mwamba, mama mkwe wake ameshika kichwa. Tulimbeba wanne. Wakati wa kurudi upepo ulishuka kutoka mlimani kama Masika alivyosema, na ziwa likainuka mawimbi. Maji yaliingia ndani, Masika akayachota kwa beseni kwa mkono mmoja, mkono mwingine juu ya tumbo la yule mama. Kila wimbi Katembo aliligeukia, likatupita, akageuka tena. Sikuwa na kazi ila kutazama ile tiji ikienda na kurudi, kushoto, kulia, safi. Nilisali Salamu Maria nyingi, na katikati yake nilihesabu mizunguko ya usukani.

Tulifika. Wanawake waliingia kituoni, mlango ukafungwa. Mimi na Mzee tuliketi nje juu ya pirogi iliyopinduliwa. Jua lilikuwa karibu kuzama tuliposikia mtoto analia, sauti kavu, ya hasira. Msichana. Masika alitoka akipangusa mikono, akamwendea Mzee, akamshika mikono yote miwili. "Wasingya, Tata," alisema kwa Kinande, asante. Kavugho alinyonyesha asubuhi yake. Mama mkwe wake alitutumia samaki wengi kuliko tulivyoweza kula.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa nimeshafunga sanduku la vyombo. Nilitaka kurudi Butembo nikiwa shujaa. Mzee alikuwa ndani ya boti na klé mkononi.

"Mzee, unafanya nini? Inatumika!"

"Katembo anasema kuume inateleza."

"Ni ngozi mupya."

"Labda." Akaendelea kufungua.

Nilikasirika, nawaambia kweli. Kazi imeokoa watu wawili, na mtu huyu anaifungua tena! Alitoa pistoni, akaipangusa kwa kitambaa, akanipa. Nilitazama. Midomo yote miwili ilielekea upande mmoja. Kikombe kimoja nilikuwa nimekigeuza. Kilishika upande wa kushoto kwa nguvu zake zote. Upande wa kulia kilishika kwa nta tu na kwa huruma ya Mungu, na ukingo wake ulikuwa umeanza kukunjika. Safari moja zaidi, labda mbili, ungejikunja wote. Katikati ya maji.

Niliketi pale pale sakafuni mwa boti.

"Uliniambia uliangalia," alisema Mzee. Hakupandisha sauti.

"Niliangalia kama inateleza. Sikuangalia midomo."

Alivua miwani, akaisafisha muda mrefu. "Hakuna mwenye ameona," alisema. "Geuza, tufunge, twende."

Ningeweza kuyaacha hivyo, na hakuna hata mmoja wenu angejua leo. Niligeuza kikombe, nikanyoosha ukingo kwa kidole na nta ya moto. Halafu, sijui hata leo nguvu ilitoka wapi, nilitembea mpaka kituoni, nikamkuta Masika anachemsha vyombo.

"Mama, ile silinda, mimi niliifunga mubaya. Jana tulipona kwa bahati. Juu ya haraka yangu."

Alinitazama. Nilingoja lolote: matusi, machozi, anifukuze. Alikuwa na haki ya yote.

"Na sasa?"

"Sasa iko muzuri. Mzee ameangalia. Na mimi nimeangalia, midomo yote."

"Utaingia ndani yake wewe mwenyewe?"

"Nitaingia."

"Na mutoto yako, utamutia ndani?"

Hilo lilinichukua muda zaidi. Nilirudi kwenye boti, naye nyuma yangu, nikafungua silinda tena, mbele ya macho yake, nikatazama kila kikombe, nikaufuata kila mdomo kwa ukucha, nikafunga, nikatoa hewa tone kwa tone mpaka jua lilipokuwa juu ya vichwa. Alisimama mchangani muda wote, hakuketi. Mzee alishika usukani na hakunisaidia zaidi ya hapo.

"Ndiyo," nilimwambia nilipomaliza. "Nitamutia."

Boti ile ilifanya kazi mpaka vita vikaisha na baada yake. Mara moja kila miezi sita nilishuka kubadilisha vikombe, na nilimfundisha Katembo, aliyekuwa na mikono miwili tena, kuvikata yeye mwenyewe. Amani ilipofungua njia, Mzee Tshimanga alipanda ndege Beni kwenda kwao. Mke wake alikuwa hai, mabinti pia, wawili wameshaolewa, na alituma habari hiyo kwa mtu aliyekuwa anapita, kwa maneno matatu ya furaha na maswali kumi juu ya pampu.

Lakini mimi nikikumbuka kazi yangu yote, miaka ile yote ya kriki na benne na direksyo, sikumbuki siku tuliyosikia mtoto analia. Nakumbuka ile iliyofuata, saa sita ya mchana. Masika alipanda ndani ya boti, akaketi mbele, akaweka mfuko wake wa dawa kati ya miguu.

"Katembo, washa," alisema. "Papa Kambale, panda. Kuko mama mwengine anatungoja."